Meja Aliyetuuliza Tunathamini Nini

Mimi ni mchoma matofali. Shule niliiacha darasa la nne, au yenyewe iliniacha, na tangu hapo nimekula kwa mikono hii. Nyumba nyingi za Mfaranyaki zimesimama kwa tofali langu, kwa hiyo atakayetaka kunisahihisha Kiswahili aangalie kwanza ukuta alioegemea.

Ninayemwandika hapa ni Meja. Jina silitaji, na habari za ukoo wake waulizeni ndugu zake huko Tunduru. Ninaandika kwa sababu bonde letu linachukuliwa. Mavuno ya mwaka huu yakishaingia ghalani, nasi tunatakiwa tuwe tumetoka. Na aliyepima hadi ikaonekana kwamba bonde la kuchukuliwa ni letu, si la mwingine, ni huyo Meja. Nami nilimpenda. Mambo hayo mawili yamenikaa kooni pamoja, halishuki hili wala halitoki lile.

Jeshini alikuwa upande wa ujenzi, lakini usidhani alishika mwiko. Kazi yake ilikuwa kupanga. Nyumba za askari zikae wapi, bomba lipite wapi, barabara ipi itengenezwe kwanza, ghala lipi lihamishwe na liende wapi. Mara ya kwanza alifika kwenye tanuri langu kutafuta matofali. Maafisa waliomtangulia walikuwa wakiuliza bei kabla hawajashuka kwenye gari. Yeye aliokota tofali, akaligonga kwa kidole, akaniuliza, "Hili unataka lifanye nini?"

"Likae," nikamwambia.

"Likae, halafu?"

"Halafu likae kimya. Lisiwe kama wewe."

Akacheka. Kwa umri mimi ndiye niliyestahili shikamoo yake, na kwa cheo yeye aliona anastahili yangu. Tukaiacha ipite. "Wewe Mngoni," akasema. "Nawe Myao, ndiyo maana buti zako zinanuka korosho," nikamjibu. Basi utani wa Wangoni na Wayao ukawa umekwisha kufungua mlango, na tangu siku ile hatukuwahi kusalimiana kistaarabu. Akiniona ananiuliza kama pombe ya ulanzi imekwisha au bado nimesimama. Nikimwona namwambia Wayao walipewa miguu mirefu ili wakimbie vita vyetu. Mkewe, tuliyemwita Mama Meja, alikuwa akisema ukitaka kujua kama hawa wawili wamegombana, sikiliza wakianza kuheshimiana.

Swali lile la tofali ndilo lililokuwa yeye mzima. Alikuwa haanzi na njia. Wenzake wakikaa mezani na viwanja vitatu wakabishana kipi kizuri, yeye anaziweka ramani chini ya kiti na kuuliza, "Kwanza tuambiane tunataka nini." Wanakasirika. Mtu ana cheo, ana haraka, ana gari linalomngoja nje, anaulizwa anataka nini kama mtoto dukani. Lakini Meja haachi. Alikuwa na msemo wake: "Ukianza na njia, utafika inakotaka njia."

Siku moja niliitwa kambini kwa habari ya matofali ya uzio, nikakalishwa pembeni mwa mkutano wao. Kanali mmoja alitaka uzio ujengwe mwaka ule. Mwingine alitaka maji yaingizwe kambini. Pesa zilitosha kimoja. Meja akamgeukia Kanali wa uzio.

"Uzio ni wa nini, mkuu?"

"Ulinzi. Unauliza nini sasa?"

"Ulinzi wa nani?"

"Wa kambi."

"Kambi ni nani?"

Kanali akatazama dari. Meja akangoja. Alijua kungoja, mtu yule; anaweza kungoja mpaka ukaona aibu. Mwishowe Kanali akasema kambi ni askari na familia zao. Meja akauliza familia hizo alfajiri zinakuwa wapi. Ikabidi isemwe: wake za askari alfajiri wako mtoni, nje kabisa, wanachota maji gizani. Basi maji yakaingia kwanza, kwa jina la ulinzi, na Kanali wa uzio ndiye aliyeandika maombi. Nami nikakosa zabuni ya matofali. Nilimtukana Meja njia nzima hadi mjini, naye akaninunulia soda.

Alikuwa na mfuko wa maharage ya Umatengo, ndiyo maana askari walimwita Meja Maharage akiwa hasikii. Wakishakubaliana wanataka nini, anaandika kila jambo kwenye karatasi yake: askari alale pakavu, gari litoke bila kukwama, jirani asidhurike, mali ya umma isipotee. Kisha kila mtu anapewa gao la maharage, anayaweka anakoona pana uzito. Luteni na Kanali wanapata gao lile lile. Ofisa mmoja aliwahi kusema yote yale ni vipaumbele, hawezi kugawa. Meja akamwambia, "Mbele ni padogo, afande. Hapaingii wote."

Na alikuwa na sheria moja ambayo hakumvunjia mtu yeyote. Maharage yakishawekwa na hesabu ikishatoa jibu, hakuna kurudi kuyasogeza kwa kuwa jibu halikupendezi. "Mzani ukianza kuyumba, mikono mgongoni," alikuwa akisema, na yeye mwenyewe anaiweka mikono mgongoni, anasimama hivyo kama mtu aliyekamatwa. Aliwafundisha vijana wengi wa jeshi sheria ile. Walimwelewa vizuri mno, kama nitakavyosema.

Nyumbani kwake sasa, usingeamini ni mtu yuleyule. Nyumba yake ya Mfaranyaki aliijenga kabla hajafikiri. Jiko liko upande unakotokea upepo, na moshi wote unaingia sebuleni kusalimia wageni. Nilimuuliza nyumba hii aliitaka imfanyie nini, akaniambia nilete matofali niache maswali. Sokoni ndiko kulikokuwa kichekesho. Atasimama mbele ya dagaa wa Nyasa, atahamia kwa perege, atarudi kwa dagaa, mpaka wauzaji wanaanza kumtania. Mama Meja aliwahi kuniambia, mumewe akisikia, "Shemeji, huyu anajua jeshi zima linataka nini. Muulize yeye mwenyewe leo anataka kula nini, tutalala njaa."

"Nataka unachopika," Meja akasema.

"Umeona? Huyo ndiye mpangaji wenu."

Aliswali, hakugusa pombe, na bado alikuwa akija kukaa nasi kilabuni, chupa yake ya soda katikati ya mianzi yetu ya ulanzi, akisikiliza. Kusikiliza ndiko alikokuamini kuliko kitu kingine chochote. Alisema mtu akiulizwa vizuri atakuambia kilichomo moyoni. Hapo ndipo palipokuwa na ufa wake, na nausema wazi kwa sababu yeye mwenyewe angenilaumu nikiupaka chokaa. Alikuwa mtu wa meza na masikio. Miguu aliitumia kidogo.

Sasa nifike kwenye ghala. Jeshi lina ghala la risasi na mabomu ambalo zamani lilijengwa porini, mji ukalifuata. Leo watoto wanacheza mpira, na uzio wa ghala ndio goli. Meja alikuwa haoni usingizi kwa ajili ya watoto wale. Alisema siku moja hitilafu ndogo itaamka mle ndani na hapatakuwa na mtu wa kuulizwa swali. Mimi ninayefukuzwa kwa sababu ya ghala hilo nasema lilipaswa kuhama. Asitokee mtu akasema wazee wa bondeni hatuelewi.

Palikuwa na mahali patatu. Msitu wa mbali njia ya Tunduru, ambako masika lori linazama hadi tumboni. Kilima cha mawe, ambako kuchimba msingi ni kazi ya kumrithisha mwanao. Na bonde letu, ambalo barabara yake inapitika mwaka mzima na vilima vimelizunguka kama kuta, kiasi kwamba mlipuko ungepanda juu usiende kwa watu. Meja hakutaka kuamua kwa ramani tu. Alisema wenyeji nao wakae mezani, kwa sababu "jirani asidhurike" ilikuwa karatasi yake aliyoipigania mwenyewe. Akaniomba niwakusanye watu. Nikawakusanya kwenye uwanja wa kigango, Jumapili baada ya ibada.

Akasimama, amevaa kiraia kwa heshima yetu, akasema, "Ndugu zangu, sikuja kutoa amri. Nimekuja kuuliza. Ninyi hapa mnathamini nini?"

Mwenyekiti wa kitongoji akainama kwa aliye karibu, akanong'ona, na mnong'ono ukatembea uwanja mzima hadi kwa akina mama waliokaa nyasini.

"Huyu ni mthamini."

Lazima uelewe neno hilo kwetu lina maana gani. Barabara ilipopanuliwa huko nyuma, alikuja mthamini na rangi nyekundu na kanda ya kupimia. Alihesabu vyumba, migomba, mikahawa, hata vyoo. Aliyekuwa na ulimi alilipwa fidia ya maana. Aliyejibu kwa aibu alilipwa kwa aibu. Tangu siku hiyo, mtu mgeni akisimama mbele yetu akataja kuthamini, sisi hatusikii moyo. Tunasikia fidia.

"Nyumba yangu ya tofali," akasema wa kwanza.

"Mikahawa yangu."

"Mikahawa ipi?" jirani yake akamuuliza chini kwa chini. "Si miwili tu ile?"

"Ngoja kesho."

Mama mmoja akataja choo kipya. Mwenyekiti akataja mabanda ya nguruwe, akayaita mengi. Mimi nikataja tanuri na banda la kukaushia. Meja akaandika kila kitu, uso umemng'aa, maana hakuwahi kupata watu wanaojibu vizuri namna ile. Akatuuliza kwa subira yake yote, "Na kingine? Kilicho ndani zaidi?" Mzee mmoja akafikiri kidogo, akasema, "Godoro."

Hakuna aliyetaja chemchemi.

Chemchemi yetu iko chini ya korongo, imefichwa na miti, haikauki. Kiangazi ambacho mto mkubwa unabaki mchanga, yenyewe inatoka tu. Bonde lile lina watu kwa sababu ya maji yale, na udongo wangu unafyatulika kwa sababu yake. Lakini haina mwenyewe. Kisicho na mwenyewe hakilipwi fidia, na mbele ya mthamini mtu atataja vipi kisicholipwa? Angeonekana mjinga, au angeonekana anataka kujimilikisha maji ya watu. Basi tukanyamaza, kila mmoja kwa adabu. Wiki iliyofuata watu walichomeka miche ya migomba hadi njiani, tukawa tunairuka.

Meja akarudi mezani na tulichomwambia. Watu wa bondeni wanathamini nyumba, miti, mabanda na magodoro. Vyote hivyo vinalipika na vingine vinabebeka. Kwa hiyo kwenye ile karatasi ya jirani asidhurike, bonde letu likatoka jepesi. Ukilipa vizuri, hujadhuru. Hesabu ikatoa jibu, na jibu likawa sisi.

Aligundua siku alipokuja kutazama mawe ya mpaka yaliyokwisha kuzikwa. Nilikuwa naye. Aliona akina mama wanapanda kutoka korongoni na ndoo kichwani, akauliza wanatoka wapi, na kwa mara ya kwanza akashuka mwenyewe. Alisimama pale yanapotokea maji, kwenye jiwe, muda mrefu. Palikuwa na bibi mmoja mkubwa kuliko sisi sote, anajaza ndoo kwa kata.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

"Hii mbona hamkuitaja?"

"Uliuliza bei za vitu, baba. Haya hayauzwi."

"Sikuuliza bei, bibi. Niliuliza mnathamini nini."

"Ndiyo," bibi akasema, akiendelea kuteka. "Hata yule wa barabara aliuliza hivyohivyo."

Meja alikaa chini, na magwanda yake, kwenye tope. Nilimwambia ainuke, askari aliokuja nao wanamtazama. Hakuinuka mpaka bibi alipojaza ndoo akaomba kutwishwa. Akamtwisha, maji yakamwagikia yeye.

Alirudi kwa wakubwa wake, na yaliyomkuta huko alinisimulia mwenyewe bila kujipendelea. Alisema aliwaeleza yote: swali lilisikika vibaya, jambo zito kuliko yote halikuingia mezani, ipimwe upya. Aliyekuwa mwenyekiti wa kikao ni kijana aliyemfundisha yeye. Alimsikiliza hadi mwisho, akampigia saluti kabla ya kumjibu. "Mwalimu wangu, ulitufundisha jibu likishatoka mikono mgongoni. Wewe huko bondeni una marafiki. Angekuja mwingine hapa na ombi hili, wewe ungemwambiaje?"

"Ukamwambiaje?" nikamuuliza.

"Ningemfukuza," akasema. "Nikamwambia hivyo. Nikasema ningemfukuza."

"Si ungedanganya, mtu wa korosho!"

"Ningedanganya, halafu?"

Alirudi tena kwao, na tena, mpaka wakaanza kumhurumia, kisha wakachoka kumhurumia. Alistaafu wakati ujenzi wa ghala umekwisha kuanza.

Kule tulikopewa ni juu, udongo mwekundu mkavu, upepo mtupu. Walituchimbia kisima. Pampu inatoa tope kidogo, inakohoa, inanyamaza. Wanasema watachimba kingine. Wenzangu kadhaa wamekwisha kuhamia na wanashuka kila siku kuchota kwetu, na siku geti la ghala likifungwa hawatashuka tena. Mimi udongo ule niliujaribu. Tofali lake ukilichoma linapasuka. Nimejijenga kutoka kwenye sifuri, sikuomba mtu, na sasa nitakuwa mzee wa kuomba maji. Nimemwomba paroko, nimemwomba diwani, na mimi si mtu wa kuomba. Wote wamenipokea vizuri, wamenipa chai.

Juzi nikapanda bodaboda kwenda Mfaranyaki, kwa Meja. Nilikuwa na jambo moja tu. Kikao cha mwisho cha wenyeji na jeshi kimetangazwa, nikataka aje asimame mbele ya watu na mbele ya maafisa, aseme alikosea. Nilijua walishamkatalia. Lakini mtu anayezama hachagui unyasi.

Nilimkuta sebuleni, moshi umeingia kama kawaida, mguu ameuweka juu ya kigoda, umevimba kwa sukari. Amekonda. Nikaanza vile tunavyoanza. Nikamwambia Myao gani huyu aliyeisha miguu, sasa tukianzisha vita atakimbiaje.

"Karibu, mzee wangu," akasema. "Shikamoo."

Nikaketi.

Nikamweleza nilichokijia. Akasikiliza, kisha akasema atakuja, atasimama, atasema mbele yao na mbele yetu kwamba swali lilikuwa lake na kosa ni lake. "Lakini usiwaambie watu kwamba nikisema mtapona. Nikisema, wataandika kwamba nimesema. Malori yataendelea."

"Kwa hiyo useme kwa ajili ya nini?"

"Hilo ndilo najiuliza tangu nilipostaafu." Akausogeza mguu kwa mikono miwili. "Mimi nataka nini? Nimewauliza watu maisha yangu yote. Jana nimepata langu."

Nikamwambia alitaje.

"Nipe pa kulala bondeni," akasema. "Nihamie sasa, kabla ya kikao. Siku mkitolewa, nitolewe nanyi."

Nilikasirika. Nilimwambia bonde lina watu wa kutosha wa kufukuzwa, hatuna upungufu huo. Nilimwambia mguu ule kwenye korongo utaoza, na mazishi ya mtani yana gharama. Nilimwambia akitaka kujiadhibu ajiadhibu kwake, sisi si msikiti wake.

"Sijiadhibu," akasema taratibu. "Wakija kuwatoa, vijana wangu wote watakuwepo. Waje wanitoe na mimi. Wanishike mkono kabisa, waone wamemshika nani. Hapo labda mmoja atauliza swali. Labda asiulize."

Jikoni masufuria yalikuwa yamenyamaza. Mama Meja akatoka, anafuta mikono kwenye khanga, macho mekundu, sijui ni moshi.

"Shemeji, mchukue," akasema. "Hapa halali. Nami nitafuata na dawa zake."

Nilitafuta maneno makali ya kumkatalia mwanamke yule, na mimi sijawahi kukosa maneno makali. Nikamgeukia Meja.

"Nina chumba kimoja," nikamwambia. "Lakini kinavuja."

"Kitavuja mpaka lini?"

"Mpaka waje."